Nikola Tesla (1856–1943): Baba wa Rimoti na Ndoto ya Jua

Utangulizi

Wengi waliolelewa katika nyumba zisizo na umeme wanaikumbuka desturi ya kuanika betri juani. Redio ilipoanza kukwaruza na tochi kufifia, betri zilitolewa, zikapangwa juu ya bati au juu ya jiwe mbele ya nyumba, zikaachwa kupata joto hadi alasiri. Joto hilo liliichochea kemia iliyosalia ndani yake, nazo zikatumika kwa muda mfupi zaidi kabla ya kutupwa jalalani. Hakuna aliyedhani kuwa jua limeingia ndani ya betri. Hata hivyo, tendo hilo dogo lilibeba swali zito: kwa nini chombo cha nyumbani kisilishwe na jua moja kwa moja, badala ya kulishwa na betri inayokwisha na kutupwa?

Hakuna chombo kinachostahili kuulizwa swali hili kuliko rimoti ya runinga. Rimoti hutumia umeme kidogo mno, lakini kwa miongo kadhaa imedai betri mpya kila zile za awali zinapokufa. Betri hizo zina zinki na manganizi, na zamani zilitiwa hata zebaki. Zikishatupwa ovyo huoza polepole na kumwaga yaliyomo katika udongo na maji. Makala haya yanasimulia maisha ya Nikola Tesla, mvumbuzi aliyeongoza chombo kwa mbali bila waya mwaka wa 1898, na miaka mitatu baadaye akapewa hataza ya kifaa cha kuvuna umeme kutoka kwa miale ya jua. Mawazo hayo mawili yalizaliwa katika kichwa kimoja. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya karne moja kabla hayajakutana katika kiganja cha mtu wa kawaida.

Kuzaliwa na Malezi

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, eneo la Lika, lililokuwa chini ya milki ya Austria na ambalo leo limo nchini Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Babake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi na mpenzi wa vitabu, na tumaini lake lilikuwa kwamba mwanawe angeufuata wito huohuo wa madhabahuni.

Mamake, Đuka, hakupata nafasi ya kwenda shuleni wala hakujua kusoma. Lakini kutojua kusoma si kutojua. Mama huyu alikuwa amehifadhi kichwani tendi ndefu za Waserbia, akizikariri pasi na kukosea, kama afanyavyo manju aliyebobea katika jamii zetu. Isitoshe, alijibunia zana zake za kusokota na kufuma. Tesla alipokuwa mtu mzima hakuona haya kukiri kwamba kipawa chake cha kukumbuka na cha kubuni alikirithi kwa mama huyo. Mwana alijifunza kuuchora mtambo mzima akilini, kuuwasha na kuuchunguza kasoro zake kabla ya kugusa chuma, sawa na msimulizi anayeushika utendi mzima kabla ya kufungua kinywa.

Utoto wake haukukosa machungu. Kakake mkubwa, Dane, aliyesifiwa na wote kwa werevu, alikufa kutokana na ajali ya farasi Nikola angali mdogo, na msiba huo uliifunika nyumba yao kwa muda mrefu. Alisoma Gospić, kisha Karlovac. Katika miaka hiyo alisoma habari za maporomoko ya maji ya Niagara na kujiwazia gurudumu kubwa likizungushwa na maji hayo, akamwambia mjomba wake kwamba siku moja angekwenda Marekani kulitimiza wazo hilo.

Mnamo 1873 alirejea nyumbani, akashikwa na kipindupindu. Alilala kitandani kwa miezi mingi akiwa baina ya uhai na mauti. Hapo ndipo mgonjwa alipomwomba babake amruhusu asomee uhandisi, naye kasisi, aliyekwisha kumzika mwana mmoja, akaiacha ndoto yake ya upadri na kukubali. Kijana akapona.

Masomo na Njozi ya Budapest

Mwaka wa 1875 Tesla alijiunga na chuo cha ufundi cha Graz, Austria. Huko alionyeshwa dainamo iliyotoa cheche nyingi kwenye brashi zake, akasema kwamba mota ingeweza kuundwa bila brashi hizo, kwa kutumia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde. Profesa wake alitumia mhadhara mzima kulithibitishia darasa kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwanafunzi alinyamaza lakini hakuridhika. Ukweli wa mambo ni kwamba hakuhitimu: alizama katika kamari, akaacha masomo, na mnamo 1879 babake akafariki. Alipitia Prague mnamo 1880, na mwaka uliofuata akafika Budapest kufanya kazi ya simu.

Jioni moja ya mwaka wa 1882 alikuwa akitembea na rafiki yake katika bustani ya jiji hilo, jua likizama. Tesla alipenda ushairi na alikuwa amehifadhi vitabu kadhaa kwa moyo. Akaanza kukariri sehemu ya tamthilia ya Goethe, Faust, ambamo msomi mzee anatazama jua likitua na kutamani mabawa ya kulifuata. Katikati ya kukariri, jibu la fumbo lake likamjia ghafla: nguvu ya sumaku inayozunguka yenyewe kwa kusukumwa na mikondo geu inayopishana. Akaokota kijiti, akamchorea rafikiye mchoro kwenye mchanga. Mota zake za mkondo geu zina asili yake katika mchoro huo uliochorwa chini ya jua linalotua, mtu akiwa na shairi mdomoni.

Marekani na Vita vya Mikondo

Baada ya kufanya kazi Paris na Strasbourg katika kampuni ya Edison ya bara Ulaya, Tesla alivuka bahari na kuwasili New York mwaka wa 1884. Alifanya kazi kwa Thomas Edison miezi michache tu, wakaachana. Wawekezaji waliojitokeza kumsaidia walichukua matunda ya kazi yake na kumwacha mikono mitupu, hata akalazimika kuchimba mitaro ili apate riziki. Ajuaye mashaka ya kijana mwenye maarifa asiye na ajira hahitaji kuelezwa zaidi.

Bahati yake iligeuka mnamo 1888. Mwezi Mei mwaka huo alipewa hataza za mota na mitambo ya mkondo geu, akatoa mhadhara mashuhuri mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani, na mfanyabiashara George Westinghouse akanunua haki za kuzitumia. Ulifuata ushindani mkali baina ya kambi ya Edison, iliyotetea mkondo mnyoofu, na kambi ya Westinghouse. Mnamo 1893 Maonyesho ya Dunia ya Chicago yaliangazwa kwa mkondo geu, na mnamo Novemba 1896 umeme wa Niagara ukaanza kufika katika mji wa Buffalo. Ndoto ya utotoni ilikuwa imetimia. Hadi leo umeme unaosambazwa majumbani, Kenya ikiwemo, ni wa mkondo huo.

Mafanikio hayakumkinga na majanga. Mwezi Machi 1895 maabara yake jijini New York iliteketea kwa moto pamoja na vifaa na kumbukumbu za miaka mingi. Alianza upya.

Mashua Iliyotii kwa Mbali

Mwaka wa 1898 Tesla alitengeneza mashua ndogo ya chuma yenye urefu wa takriban mita moja na robo, na katika maonyesho ya umeme yaliyofanyika Madison Square Garden jijini New York, watu wakaiona ikielea katika hodhi la maji. Mashua ile haikufungwa kwa kamba wala waya. Tesla alisimama kando na kisanduku chenye wenzo. Alipouvuta wenzo, mashua iligeuka kushoto au kulia, ikaenda au kusimama, na taa zake zikawaka na kuzimika. Inasimuliwa kwamba aliwaalika watazamaji kuiuliza mashua maswali ya hesabu, naye akaifanya ijibu kwa kuwasha taa mara kadhaa. Yasemekana baadhi walidhani ni uchawi, wengine wakashuku kwamba mlikuwa na tumbili aliyefunzwa ndani yake.

Siri yake haikuwa uchawi. Kisanduku kilirusha mawimbi ya redio. Ndani ya mashua mlikuwa na kipokezi chenye mrija mdogo wa chembechembe za chuma. Wimbi lilipozigusa, chembechembe zile ziliruhusu umeme kupita. Kisha mrija ukazungushwa ili ziwe tayari kwa amri nyingine. Kila amri ilisogeza kifaa kilichochagua kazi ya kufanywa, usukani au rafadha au taa. Hataza ya mtambo huo ilitolewa tarehe 8 Novemba 1898. Tesla aliuita uwanja huo mpya teleautomatiki, istilahi ambayo haikudumu. Wimbi la lugha liliipendelea nyingine, na sisi leo tuna rimoti mitaani na kidhibiti-mbali katika maandishi rasmi. Alitumaini kwamba silaha zinazoongozwa kwa mbali zingekuwa za kutisha kiasi cha kuwafanya binadamu waache vita. Jeshi la majini la Marekani halikuvutiwa, na tumaini lake la amani historia imelikanusha.

Kuna jambo moja kuhusu mashua ile ambalo ni rahisi kulipuuza. Sehemu kubwa ya tumbo lake ilijaa betri. Amri ilifika kupitia hewani, lakini nguvu ya kuitekeleza amri ilibidi ibebwe ndani, na nguvu hiyo ilikwisha. Huo ndio upungufu ambao rimoti nyingi zilizokuja baadaye ziliurithi: uhuru kutoka kwa waya ulinunuliwa kwa utumwa wa betri.

Bamba na Miale ya Jua

Kazi ya Tesla katika miaka iliyofuata yaweza kusomwa kama harakati za kuondoa upungufu huo. Mwaka wa 1899 alihamia Colorado Springs kujaribu kusafirisha nguvu za umeme bila waya. Mnamo Juni 1900 alichapisha makala ndefu katika jarida la Century kuhusu namna ya kuongeza nishati ya mwanadamu. Humo alilia na uharibifu unaotokana na kuchoma makaa ya mawe, akapima upepo, joto la ardhini na miale ya jua kama vyanzo visivyokwisha. Hakuwa mwotaji asiyepiga hesabu: alikiri kwamba mitambo ya jua iliyojulikana wakati huo ingegharimu mno ikilinganishwa na faida yake.

Tarehe 5 Novemba 1901 alipewa hataza ya kifaa cha kutumia nishati ya miale. Muundo wake ni sahili. Bamba la chuma lililong'arishwa huinuliwa juu na kutengwa na ardhi, likaachwa lipigwe na miale ya jua au ya chanzo kingine. Bamba huunganishwa na upande mmoja wa kapasita, yaani chombo cha kulimbikiza chaji, na upande wa pili huunganishwa na ardhi. Chaji hukusanyika kidogo kidogo, kama maji ya matone katika mtungi, kisha mtungi ukijaa hufunguliwa kufanya kazi.

Ni haki kusema kwamba kifaa hiki hakikuwa paneli ya jua tuijuayo. Umeme wake ungekuwa mdogo mno, na hakuna chombo cha nyumbani kilichotokana nacho. Aidha, Tesla hakuwa wa kwanza katika njia hiyo. Mfaransa Edmond Becquerel alikuwa amegundua mwaka wa 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, na Mmarekani Charles Fritts akaunda seli za seleniamu katika miaka ya 1880. Sababu ya mwanga kung'oa umeme kwenye chuma ilielezwa na Albert Einstein mnamo 1905, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921 kwa maelezo hayo. Upekee wa Tesla ni kwamba aliyashika mawazo yote mawili kwa wakati mmoja: amri isiyo na waya, na nguvu isiyo na mgodi. Tena aliona kanuni muhimu ya vyombo vidogo: si lazima nguvu iwe nyingi, mradi iwe ya kudumu na ipo pa kuilimbikiza.

Kuporomoka na Kifo

Ndoto iliyomvunja ni ile iliyokuwa kubwa kuliko mkoba wake. Mnamo 1901, kwa fedha za tajiri J. P. Morgan, dola 150,000, alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe katika kisiwa cha Long Island, uliokusudiwa kupeleka habari na hatimaye nguvu za umeme duniani kote. Desemba ya mwaka huohuo Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amepokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa vifaa vya gharama ndogo. Morgan akakataa kuongeza fedha. Mnara haukuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa, na mnamo 1917 ukabomolewa, mali hiyo ikiwa imetolewa kulipia madeni yake ya hoteli. Kwa kinaya, mwaka huohuo wahandisi wenzake walimtunuku medali iliyopewa jina la Edison.

Hakuoa. Aliishi katika hoteli moja baada ya nyingine, akiacha madeni nyuma yake, na jioni akaonekana akiwalisha njiwa katika bustani za jiji. Baadhi ya madai yake ya uzeeni yalizidi uwezo wa ithibati, na waandishi wa magazeti waliyapenda kuliko wanasayansi. Alifariki tarehe 7 Januari 1943 akiwa peke yake katika chumba cha hoteli ya New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86. Miezi michache baadaye, Juni 1943, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha madai muhimu ya hataza moja ya Marconi kuhusu redio, ikizingatia kazi za waliomtangulia, Tesla akiwa mmoja wao. Mnamo 1960 jina lake lilifanywa kipimo cha kimataifa cha nguvu za uga wa sumaku. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho yake jijini Belgrade.

Mawazo Mawili Yakutana

Miaka kumi na mmoja baada ya kifo chake, mnamo 1954, wanasayansi wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha seli ya jua ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Rimoti nayo ilikuwa ikiingia sebuleni. Mnamo 1955 kampuni ya Zenith ilitoa rimoti ya runinga iliyotumia mwali wa mwanga. Ikawa jua likipenya dirishani na kuipiga runinga, stesheni hubadilika zenyewe. Jua likawa adui wa rimoti. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ilitoa rimoti isiyohitaji betri kabisa: kitufe kilipobonyezwa, nyundo ndogo iligonga ufito wa alumini, na runinga ikatii sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Baadaye miale ya infraredi ilichukua nafasi, ikaleta vitufe vingi na kazi nyingi, na betri za kutupa zikaja pamoja nayo.

Ilikuwa ajabu kwamba kikokotoo cha mwanafunzi kilikuwa kimeanza kutumia jua mwishoni mwa miaka ya 1970, ilhali rimoti, iliyolala sebuleni mchana kutwa, iliendelea kula betri. Mnamo 2021 kampuni ya Samsung ilianza kuuza runinga zenye rimoti iliyo na paneli ya jua mgongoni, ikichajiwa na mwanga wa dirisha au wa taa. Mwaka uliofuata rimoti hiyo iliongezewa uwezo wa kuvuna nguvu kidogo kutoka kwa mawimbi ya redio ya vifaa vya intaneti. Mawimbi na miale: vitu viwili alivyovishughulikia Tesla baina ya 1898 na 1901, sasa katika chombo kimoja.

Rimoti hiyo si dawa ya kila ugonjwa. Ndani yake mna hifadhi ndogo ya umeme ambayo nayo itachoka siku moja, na plastiki yake itahitaji kutupwa kama nyingine. Runinga inayoongozwa nayo hutumia umeme mwingi zaidi mno. Lakini betri ambayo haikununuliwa haitafika jalalani, na chombo kinachodumu kwa mwanga ambao tayari umo nyumbani ni hoja isiyohitaji maneno mengi.

Hitimisho

Maisha ya Tesla aghalabu husimuliwa kama kisa cha shujaa aliyedhulumiwa. Kuna ukweli katika usimulizi huo, lakini unaficha jambo kubwa zaidi. Ulimwengu haukukosa kumsikia: uliuchukua mkondo geu wake, na kanuni ya mashua yake ikaenea kila mahali. Ulichokiacha ni swali lililoambatana na uvumbuzi huo, yaani nguvu itoke wapi, na ikisha kutumika, mabaki yake yaende wapi. Betri ilikuwa jibu rahisi, na gharama yake ikahamishiwa kwa udongo na kwa vizazi vijavyo. Mwana wa mama asiyejua kusoma, aliyeuona mtambo wake kwanza kichwani huku akikariri shairi la jua linalotua, alikuwa ameliuliza swali hilo mapema. Waliokuwa wakianika betri juu ya bati nao walikuwa wakiliuliza, kila mmoja kwa namna yake.